Sauti ya Injini Mbili

Kwanza niseme ukweli: mimi nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na vyote viwili nimevirithi kwa baba. Kwa hiyo asije mtu akadhani nakaa hapa kumsema baba yangu. Najisema mwenyewe. Miaka mingi imepita, lakini nikikumbuka ile Jumatano mwili bado unanisisimka.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege. Usifikirie lami na mataa. Kilikuwa kipande cha nyasi kwenye miinuko juu ya Karatu, nyuma ya zahanati, upande unaotazama msitu wa Ngorongoro. Ndege ndogo ya madaktari ilikuja kila Jumatano, na kazi ya baba ilikuwa kufukuza ng'ombe, mbuzi, na mara nyingine pundamilia waliojipitia zao, kuangalia kama mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo haujachanika, kisha kuinua bendera. Nyeupe, kiwanja kiko wazi. Nyekundu, kuna mnyama. Kiwanja chenyewe kilikuwa na nundu katikati, kwa hiyo ukiwa zahanati ulikiona nusu tu. Nusu ya pili aliiona baba peke yake, kwa kuwa yeye alisimama juu ya hiyo nundu.

Mimi nilikuwa nesi msaidizi pale zahanati, na ndiye niliyeshika redio ya upepo. Rubani akikaribia aliniuliza, "Kiwanja?" Natazama dirishani, naona bendera nyeupe, najibu, "Kiko wazi." Basi. Nililisema neno hilo kila Jumatano bila hata kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi.

Sasa nije kwenye video. Enzi hizo huku Bara hatukuwa na kituo chochote cha televisheni. Katikati ya miaka ya themanini, mfanyabiashara mmoja wa Karatu mjini, mtu wa dini sana na mcheshi sana, alileta televisheni na deki kutoka Nairobi, pamoja na kaseti za michezo ya upelelezi ya zamani. Jumamosi, akishaswali adhuhuri, aliwasha jenereta, akafungua chumba cha nyuma cha duka, nasi tukajipanga juu ya magunia ya sukari na maharage. Baba alitengewa gunia la mbele kabisa. Alikuwa mtaalamu wetu, kwa sababu karibu kila kaseti ilikuwa na ndege. Tajiri ameuawa, mpelelezi mwenye koti refu anapanda ndege. Mwuaji anakimbia, naye anapanda ndege. Kiingereza chao tulikipata nusunusu. Ndege tulizielewa zote.

Na tulivyokuwa tunashtuka! Baba ndiye aliyeongoza. "Anatua upepo ukiwa mgongoni! Tazameni moshi wa ile nyumba unakoelekea! Huyo anakufa sasa hivi!" Wala hafi. "Hakuzunguka hata mara moja! Hajui kama kuna ng'ombe!" Wala hakuna ng'ombe. Rubani anashuka na tai yake shingoni, viatu vinang'aa, hana hata tope. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyeletewa habari ya msiba.

Siku moja aliruka kutoka kwenye gunia, nusura aangukie televisheni. "Simamisha! Rudisha nyuma!" Mwenye duka akarudisha mkanda. Ndege iliyopaa ilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, na ile iliyotua ilikuwa na mstari wa buluu, na herufi za mkiani zilikuwa nyingine kabisa. Ndege mbili tofauti! Chumba kizima kililipuka. Tukajua hapo hapo kwamba siri imepatikana, mwuaji kabadilisha ndege njiani. Tukatulia kumngoja mpelelezi naye aone. Akaja na kioo chake cha kukuzia, akahangaika na kipisi cha sigara, akahangaika na glavu, akamkamata dereva wa marehemu, na mkanda ukaisha. Ya ndege hakuyagusa hata kidogo.

"Lahaula!" mwenye duka alisema. "Huyu mtu kweli ana macho?"

Wiki nzima hapa Karatu habari ilikuwa hiyo tu, kwamba dereva wa watu kafungwa bure. Tungejuaje kwamba wenye kutengeneza michezo ile walikuwa wakiokota vipande vya picha za ndege popote wanapovipata na kuviunga? Kwetu sisi, ndege ikiondoka na herufi hizi na kurudi na herufi zile, kuna jambo baya limetokea. Baba alikuwa akiandika herufi hizo kwenye daftari lake kila Jumatano tangu mimi mtoto.

Laiti na mimi ningekuwa mpelelezi, ningegundua mapema. Kaseti za mwanzo baba alishtukia rangi na herufi. Kadiri siku zilivyokwenda alishtukia sauti tu. Na daftari lile, sijui ni lini hasa, alianza kunipa mimi niandike, akidai mwandiko wangu ni mzuri. Nami nikavimba kichwa.

Jumamosi ninayotaka kuisema, mvua za masika zilikuwa zimeanza. Kaseti ilikuwa mpya kwetu. Mwuaji anatoroka juu ya bahari kwa ndege ndogo, na mpelelezi yuko chini anaitazama kwa darubini. Baba akainamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo akisikiliza.

"Injini mbili," akasema. "Na moja inakohoa. Hafiki mbali."

Watu wakaangua kicheko. Ndege ilikuwa na injini moja, pangaboi moja, puani pale, hata mtoto wa chekechea angeiona.

"Mzee leo umeteleza!" mwenye duka akasema kwa furaha, maana baba alikuwa hajawahi kuteleza. "Ni moja, wallahi!"

"Ni mbili. Mimi nasikia mbili."

"Basi ngoja nikusimamishie, uhesabu mwenyewe." Akabonyeza deki. Picha ikaganda, ndege imesimama angani, na sauti ikakatika. Baba akanyoosha kidole. "Ile pale," akasema, "naiona."

Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kalenda ya ukutani.

Watu waliendelea kucheka wakidhani ni utani wake. Mimi nilipigwa na butwaa. Baba yangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye televisheni, macho ameyatoa, na sauti ilipokatika hakujua televisheni iko wapi. Mungu wangu, nikawaza, na Jumatano nilisema kiko wazi. Na Jumatano ya kabla yake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimtazama anavyotembea. Alitembea vizuri tu, njia ile aliijua kwa miguu, akisalimia watu kabla hawajamsalimia kwa kuwa alijua vikohozi vyao. Tulipofika kwenye kijito nikamnyooshea vidole vitatu mbele ya uso, nikamwuliza kwa sauti ya mchezo, "Baba, vingapi hivi?"

Akasimama. "Wewe mtoto," akasema, "nimeanza kupokea ndege wewe bado unatambaa. Usinipime." Akavuka kijito bila kulowa.

Mama nilimkuta jikoni anasonga ugali. Nilipofungua mdomo tu, akaacha mwiko.

"Umejua," akasema.

"Mama! Ulikuwa unajua?"

"Unadhani ile nusu ya kule nani anaiona?"

Nilikaa chini, kwenye kuni. Kila Jumatano mama alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe upande wa pili wa nundu, na anapokata huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu mno, hata mimi nilikuwa naona aibu mbele ya madaktari. Kumbe! Akiimba, kule ni salama, baba anainua nyeupe. Akinyamaza, kuna mnyama, baba anainua nyekundu. Nimemsikia mama yangu akiimba hivyo, nadhani kama miaka miwili, nikimwomba apunguze sauti.

"Mama, mle ndani wanapanda wagonjwa! Rubani ana watoto!"

"Nimewahi kukosea hata siku moja?"

"Siyo hilo..."

"Ndilo hilo hilo. Baba yako ukimnyang'anya ile bendera unamzika. Mimi nimeolewa naye, namjua." Kisha akalegea kidogo. Tukapatana. Kesho yake alikuwa anakwenda Buger kwa dada yake aliyejifungua, angerudi Jumanne. Akirudi, sisi wawili tungemkalisha baba, tukampeleka kwa daktari wa macho, na baba mwenyewe ndiye angemwambia mganga wetu pale zahanati. Nisiseme neno mpaka arudi. Nikaapa.

Jumanne mvua ilimwagika kama debe limetobolewa. Hakuna gari lililotoka Buger. Mama hakurudi.

Jumatano asubuhi, kabla sijafungua dirisha la dawa, wakaleta mama mjamzito kwenye machela, uchungu siku ya pili, mtoto kakaa vibaya. Barabara ya kushukia Mto wa Mbu ilikuwa imekatika. Mganga alimpima, akatoka nje akiwa amekunja uso, akaniambia, "Huyu aende na ndege ya leo. Isipotua, tumempoteza." Mume wake alikuwa amesimama hapo hapo anasikia.

Nilitaka kumwambia mganga habari za baba. Nasema kweli, nilifika mpaka mlangoni kwake mara mbili. Nikakumbuka kiapo, nikarudi. Nikajidanganya kwamba rubani huyu ni mzoefu, ataona mwenyewe. Lakini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, umekaa juu ya kiwanja kama shuka, unafunguka na kufunga. Rubani asingeona kitu mpaka awe chini kabisa.

Ndege ikasikika. Redio ikakoroma. "Zahanati, mnanipata? Ukungu mwingi. Nina nafasi moja, labda mbili. Kiwanja?"

Nikatazama dirishani. Baba amesimama juu ya nundu, koti lake la mvua limemganda mwilini, na bendera nyeupe iko juu. Nikatega sikio. Hakuna wimbo. Mama yuko Buger! Nani amemwimbia? Ng'ombe wa jirani waliamkia huko huko nyuma ya nundu, nilikuwa nimesikia kengele zao alfajiri.

"Zahanati! Kiwanja?"

Nikabonyeza kitufe. "Hakiko wazi," nikasema. "Zunguka."

Ndege ikapita juu ya bati letu kwa kishindo, vikombe vikatikisika, ikaingia kwenye ukungu. Nikamwona baba pale juu anageuka. Kila siku sauti ya injini ikifika pale hupungua, na leo imeongezeka. Akabaki ameinua ile bendera yake nyeupe, anaipunga, anaipunga, anapiga kelele ambazo sikuzisikia. Mganga aliingia mbio. "Kuna nini? Kwa nini haikutua?" Nje mume wa mgonjwa alikuwa amekaa chini kwenye tope, mikono kichwani, kwa kuwa aliisikia ndege ikiondoka.

Dakika zile sitaki hata adui yangu azipitie. Ndege ilipotelea upande wa kreta, tukasikia kimya tu. Kisha ikarudi, chini sana, ukungu umefunguka kidogo, na redio ikasema, "Sioni mnyama yeyote. Kiwanja ni kitupu kabisa. Natua." Ikatua.

Kilikuwa kitupu. Baba hakusubiri wimbo wa mtu yeyote. Alipojua mama hayupo, aliamka gizani, akakitembea kiwanja chote kwa miguu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwenye mvua. Ng'ombe wa jirani alikuwa ameshawafukuza mpaka bondeni na kufunga mwanya wa ua kwa miiba. Hayo niliyajua baadaye, nilipoona viganja vyake.

Mgonjwa akapakiwa. Namshukuru Mungu, yeye na mtoto walipona. Lakini kabla ya kupaa, rubani alinijia, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuungaunga, uso mwekundu. "Nesi, kulikuwa na nini? Ningeweza kugonga mlima kule." Mganga naye ananitazama. Na baba alikuwa ameshafika, anahema, bendera mkononi.

"Mimi niliinua nyeupe," baba alisema. "Nani kasema hakiko wazi?"

"Mimi," nikasema.

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Sasa?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokosa breki. Hofu, aibu na hasira vilinipanda kwa pamoja. "Sikuona kitu, baba! Wewe ndiye huoni! Huoni chochote! Mama ndiye anakuonea!"

Watu wote waliokuwa pale walisikia. Mganga alibaki mdomo wazi. Rubani alivua kofia, sijui kwa nini. Baba aliikunja bendera, pembe kwa pembe, akaikunja tena, kisha akanyoosha mkono kunipa. Kumbe aliunyoosha kwa rubani, kwa sababu mimi nilikuwa nimenyamaza.

Mganga alikuwa mtu mwema, alimwandikia barua nzuri ya kumshukuru. Kazi ilipewa mtu mwenye macho. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, kilichokufa hakirudi. Mama aliporudi kutoka Buger hakunigombeza, na nilitamani sana anigombeze. Baba ndiye aliyenipa jina jipya. Nikiingia nyumbani alimwuliza mama, "Mpelelezi amekula?" Nikitoka, "Mpelelezi anakwenda wapi?" Watoto wa jirani walidhani ni utani wa mzee wakawa wanaudaka. Dukani Jumamosi hakukanyaga tena.

Mimi niliendelea kwenda, sijui nilikuwa nafuata nini. Kaseti zilikuwa chache, tukawa tunazirudia. Miezi kadhaa baadaye mvua ilimkwamisha rubani kwetu mpaka Jumamosi, na mwenye duka akamkaribisha, akampa lile gunia la mbele. Akaweka ile ile kaseti ya bahari. Nilipoona darubini ya mpelelezi nikainuka nitoke.

Ndege ikaingia kwenye picha, na rubani akacheka peke yake.

"Hawa watu!" akasema. "Ndege injini moja, wamebandika sauti ya injini mbili. Na moja ni mbovu, sikilizeni, inakohoa."

Hakuna aliyecheka. Mwenye duka aliachia kikombe cha kahawa, kikapasuka sakafuni, wala hakukitazama. "Astaghfirullah," akasema polepole. "Mzee alituambia." Watu wakanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Chumba kizima cha watu wenye macho tulimcheka mtu mmoja aliyekuwa sahihi, na mimi sikuishia kucheka.

Sikusubiri kaseti iishe. Nilikwenda nyumbani nusu nakimbia, khanga imejaa tope. Nilimkuta baba barazani anapukuchua mahindi, punje zinaingia kwenye ungo bila hata moja kudondoka nje.

"Mpelelezi karudi mapema," akasema.

"Baba. Rubani yuko dukani. Ameiona ile kaseti ya bahari. Amesema ni injini mbili."

Aliendelea kupukuchua. "Na kukohoa?"

"Amesema moja inakohoa."

"Ee." Akachukua gunzi lingine, akalipapasa. "Na kiwanja?"

"Kiwanja kipi, baba?"

"Kiwanja," akasema, kama rubani anavyouliza.

Nilitazama viganja vyake, alama za miiba bado zilikuwepo. "Kilikuwa wazi," nikasema.

"Sijasikia," akasema baba yangu, mtu aliyesikia ndege kabla haijavuka msitu. "Rudia."

Nikarudia.